Kina Mama Waliitikia Shairi

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka chini kifuani, nzito na laini pamoja, na ilitoka kwa wanawake wengi kwa mara moja: "Naaai." Halafu kimya. Miaka imepita, sasa nashona mapazia katika duka la mtu hapa Kitengela, na hata mashini ikinguruma na malori ya simiti yakipita nje kwa barabara ya Namanga, nikitaka kuisikia naisikia. Nafunga tu macho kidogo. Ndiyo maana siku zingine pazia linatoka limepinda.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, upande ule wa Kitengela ambako nyumba zinaishia na mashamba yaliyozungushiwa waya yanaanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametunga shairi kuhusu mvua. Lilikuwa na beti saba, na kila ubeti uliishia na mstari ule ule: "Mola usitusahau, turudishie mvua." Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa kabisa. Ng'ombe walikuwa wanaletwa mpaka karibu na stendi kutafuta majani ya kando ya barabara, na mama yangu, ambaye aliuza sukuma wiki, alikuwa anafunga vishada vyembamba mpaka wateja wanamuuliza kama hiyo ni mboga ama ni maua.

Shairi lilihitaji mtu wa kulisema mbele ya watu kwenye mashindano ya shule. Mwalimu akanichagua mimi. Darasa zima likacheka, na walikuwa na sababu.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimesimama katika ukumbi wa kanisa hapa Kitengela na shairi lingine, fupi hata kuliko hili. Nikafika katikati. Mzee mmoja wa safu ya mbele akapiga miayo, mdomo wazi mpaka nikaona meno ya nyuma, na mimi nikamwangalia. Basi. Nilipotaka kurudi kwa shairi, shairi halikuwepo. Nilisimama hapo mkono mmoja ukiwa juu, kwa sababu nilikuwa nimeuinua kuonyesha jua, na sikujua niushushe na neno gani. Nilitoka jukwaani nikiwa bado nimeuinua.

Kutoka siku hiyo jina langu shuleni likawa Bafa, kama video ya simu inapokwama na kale kaduara kanazunguka tu. "Bafa, bando imeisha?" waliniuliza nikichelewa kujibu swali la hesabu. Nilicheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka haraka, hata na kitu kinachoniuma. Lakini nikilala usiku sikuota kikombe wala picha yangu kwenye ubao wa matangazo. Niliota nimefika mwisho. Nimesimama mbele ya watu, nimeanza shairi, nimelimaliza, nimeinama, nimetoka. Hata mara moja tu maishani.

Mwalimu alisema ana dawa.

"Watu usiwaangalie," aliniambia. "Ukimwangalia mtu atakumeza. Tafuta kitu kwa ukuta. Saa, dirisha, msumari. Ongea na msumari."

"Na kama hakuna msumari, mwalimu?"

"Hakuna ukumbi Kenya hii hauna msumari."

Tulikuwa tunabaki darasani jioni, yeye akigonga meza na rula kunipa mwendo, mimi nikiongea na msumari wa kalenda. Kila mstari ulikuwa na ishara yake. Mvua ilikuwa vidole vinavyoshuka. Mola ilikuwa viganja juu. Ng'ombe ilikuwa vidole viwili kichwani, ingawa hiyo tuliitoa kwa sababu wenzangu waliokuwa wanachungulia dirishani walianza kulia kama ndama. Baada ya kila ubeti nilipaswa kuvuta pumzi moja, ndogo, halafu niendelee. "Ukisimama umekufa," mwalimu alisema. "Shairi ni baiskeli."

Na kweli likawa baiskeli ya mteremko. Nilikuwa nalisema nikiosha vyombo, nikitembea kando ya waya kwenda shule, nikifunga sukuma na mama jioni. Lilitoka lenyewe. Shida ilikuwa moja: mtu akinikatiza, lilianguka lote, na ilibidi nianze tena kutoka juu.

"Sasa wewe ni kaseti?" mama aliniuliza siku moja, baada ya kuniomba nimpitishie kamba na mimi nikarudi ubeti wa kwanza. "Huwezi kuanzia hapo katikati?"

"Siwezi, mathe."

"Na mtu akikohoa?"

"Hawakohoi. Wanaambiwa wanyamaze."

Akafunga kishada kimoja, akakikata mikia. "Na hiyo mvua unaomba huko ndani, wewe mwenyewe unaitaka?"

"Naitaka aje? Ni shairi, mathe."

"Haya," mama akasema, na kwa mama yangu "haya" ni neno refu sana.

Mashindano yalikuwa Kajiado mjini, katika shule moja ya sekondari. Tulienda na basi ya shule, sisi wa mashairi na wasichana wa ngoma. Rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa kwenye ngoma. Kwao ni upande wa Bisil, na alikuja Kitengela kukaa kwa shangazi yake asome. Njia yote kutoka Isinya upepo ulikuwa unaingia na vumbi, na yeye alikuwa ananifunika uso na shuka yake ili nisimeze vumbi nikikariri.

"Leo hubafi," aliniambia. "Ukibafa nakuhama dawati."

"Utakaa na nani?"

"Hata na takataka. Lakini hubafi."

Tulipofika tulikuta kina mama wa kwao wametangulia. Walikuwa wametoka Bisil kwa pikapu kuja kuwavalisha wasichana shanga, kwa sababu walisema wasichana wa mjini wanajivalisha shanga kama watu wanaofunga mzigo. Mama ya rafiki yangu alikuwepo, na koko yake, yaani nyanya yake, mama mzee mwembamba wa kichwa kilichonyolewa na masikio marefu, aliyetembea na kijiti ambacho hakukiegemea hata mara moja. Akanipa mkono, akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele.

"Huyu anaimba?"

"Hapana, koko. Anasema shairi."

"Anasema nini?"

"Ya mvua."

"Aa," koko akasema. "Hiyo tutakuja kusikia."

Mimi nilifikiri ni adabu tu. Lakini jua lilipopanda na ngoma zikaahirishwa mpaka mchana, kina mama wote wakaingia ukumbini kutafuta kivuli. Viti vya mbele vilikuwa wazi, kwa sababu hakuna mwanafunzi anayependa kukaa karibu na majaji. Wakavijaza. Ukumbi ulikuwa wa kijivu, mabati juu, na ghafla mbele pakawa na rangi nyekundu na bluu na shanga zikigongana polepole kila mtu alipojiweka sawa.

Jina la shule yetu likaitwa. Nikapanda. Miguu ilikuwa yangu lakini haikuwa inaniuliza. Nikatafuta msumari, na mwalimu alikuwa amesema ukweli: juu ya mlango wa nyuma kulikuwa na mmoja, mkubwa, hauna kitu. Jaji mkuu, mama wa miwani, alikuwa na kikengele kidogo mezani. Kila mmoja wetu alikuwa na muda wake, na muda ukiisha kengele inalia, unainama, unatoka. Hiyo pia tulikuwa tumeifanyia mazoezi.

Nikaanza. "Mvua waenda wapi, na ng'ombe wakungojea..." Likatoka. Vidole vikashuka vilivyotakiwa, viganja vikapanda. Nikafika, "Mola usitusahau, turudishie mvua," nikavuta pumzi yangu moja ndogo, nikafungua mdomo wa ubeti wa pili, na hapo ndipo safu ya mbele yote iliposema:

"Naaai."

Maneno yangu yakaangukia juu ya yao. Nikaendelea, ukisimama umekufa, lakini nilikuwa nimeyumba. Ubeti wa pili ukaisha. "Naaai," tena, na mimi tena nikapita juu yao, sasa kwa sauti kubwa na kwa haraka, kama mtu anayekimbia kabla mlango haujafungwa.

Jaji akainua kalamu. "Hadhira, tafadhali, kimya."

Wakamwangalia kwa heshima zote. Ubeti wa tatu ulipoisha wakaitikia tena, chini kidogo, vile watu wanakohoa kanisani. Nikawapita. Na hapo koko akagonga sakafu na kile kijiti.

"Mtoto," akasema, "ngoja tuitike. Unatukanyaga."

Ukumbi mzima ukacheka.

Neno lenyewe nililijua. Ukikaa huku utalisikia: mzee akibariki harusi ama mifugo, kila anaposema kipande watu wanaitikia Naai, yaani Ee Mungu, na yeye anangoja waitike ndipo aende mbele. Ombi ambalo halijaitikiwa ni kama mkono umenyooshwa na hakuna mtu ameupokea. Kwa kina mama hawa sikuwa mwanafunzi kwenye mashindano. Nilikuwa msichana amesimama mbele ya watu anamwomba Mungu mvua, na wao nyumbani waliacha ng'ombe wasioweza kuinuka. Wangekaa kimya namna gani? Lakini hayo nimeyafikiria baadaye, nikishona. Siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba nimesimamishwa katikati.

Nikautazama msumari. Msumari ulikuwa msumari. Vidole vyangu vya mvua vilikuwa vimening'inia hewani, havijui kama vinashuka ama vinapanda. Nilijaribu kuanza tena kutoka juu kichwani, haraka haraka, lakini hata ule mstari wa kwanza haukuja. Nyuma kabisa mtu wa shule yetu akanong'ona, "Bafa," na kicheko kidogo kikapita kwa safu yao. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya ukuta. Alikuwa amefunga macho.

"Enkerai," koko akasema. Mtoto. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama mbele kidogo kwenye kiti. "Umesema hii mvua imetuacha. Sasa imeenda wapi?"

Nikamwangalia. Mwalimu alikuwa ameniambia nisiangalie mtu, na mimi nikamwangalia. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu, lile lingine lilikuwa linangoja. Hakuniuliza vile walimu huuliza wakiwa na jibu mfukoni. Aliniuliza vile unamuuliza mtu aliyetoka safari, aliyepitia huko. Na mimi nilitaka kumjibu. Sijawahi kutaka kumjibu mtu hivyo.

"Imepita mlimani," nikamwambia, "haikutazama nyuma."

Huo ulikuwa mstari wa kwanza wa ubeti wa nne. Sikujua nimeusema mpaka nilipousikia.

"Aiya," koko akasema.

"Tumebaki na jirani, tukigawana huruma."

"Kweli hiyo," akaitika mama mwingine nyuma yake, kama tuko kwa jiko.

Nikashusha mikono. Sikuhitaji vidole, yule mama mzee alijua mvua inavyonyesha kuliko mimi. Nikasema ubeti huo wote nikiwa nimemwelekea yeye, na nilipofika "turudishie mvua" nikanyamaza. Nikangoja.

"Naaai."

Na wakati ule wa kungoja, ule ambao mwalimu aliniambia ni kifo, nilikuwa naona ubeti wa tano unakuja. Mtu akishalilia mvua, kitu cha pili anachofikiria ni mifugo. Basi ubeti wa tano ulikuwa wa mifugo. Akishafikiria mifugo anafikiria watoto. Basi wa sita ulikuwa wa watoto. Haikuwa kamba ndefu niliyofikiri, ambayo ikikatika imekatika. Kila kipande kilikuwa na miguu yake. Nikasema wa tano, nikangoja. Wakaitika. Na sasa sauti ilikuwa imeongezeka, kwa sababu huko nyuma wanafunzi nao walikuwa wameanza, kwanza kwa mzaha, wakiivuta mpaka juu, halafu bila mzaha. Nilisikia sauti nene za wavulana. Mabati yenyewe yalikuwa yanatetemeka kidogo. Nikasema wa sita, wa watoto, na sikulia, lakini ilikuwa karibu. Wakaitika. Nikavuta pumzi ya wa saba, wa mwisho.

Ting.

Kengele. Mwili wangu ulikuwa umefunzwa vizuri: kabla akili haijafika, nilikuwa nimeinama.

"Mbona anainama?" nikasikia mama mmoja.

"Hajamaliza huyo."

"Ni kengele, mama," jaji akaeleza. "Muda umeisha. Kila mtoto ana dakika zake."

"Sasa maombi inakatwa na kengele?"

"Ni sheria ya mashindano, mama."

Koko akaifikiria hiyo sheria. "Na mvua nayo," akauliza, "ikifika nusu irudi?"

Ukumbi ukalipuka, na jaji mwenyewe akajificha nyuma ya karatasi zake kucheka. Lakini sheria ni sheria. Nilishuka ngazi nikiwa na ubeti mzima mdomoni, wote, hakuna neno limepotea, na hakuna mahali pa kuuweka.

Mwalimu alikuja nyuma ya pazia.

"Mwalimu, sikuongea na msumari."

"Niliona." Akatafuta kitu mfukoni ambacho nadhani hakikuwepo. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na koko."

"Mm," akasema. "Mimi nilikuwa huko kando ya ukuta na nilifikiri ni mimi." Akaenda nje bila rula yake. Nikamfuata nayo.

Matokeo yakatangazwa mchana. Hatukuwa wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Jaji alisema maneno mazuri, kisha akasema muda ulizidi, na kwamba msemaji wa shairi hapaswi kuzungumza na hadhira mmoja mmoja. Alishinda msichana wa shule nyingine, mikono yake kama mbawa, na alistahili; nilimpigia makofi mpaka viganja vikawasha. Rafiki yangu, akiwa amevaa shanga zake mpaka kidevuni, akanivuta sikio.

"Leo si wewe umebafa," akasema. "Ni kengele imebafa."

Na jina likaishia hapo. Sijui nani aliwaambia wengine. Kwenye basi tayari walikuwa wananiita Koko, na hilo nililipenda, nililijibu mpaka tukamaliza shule. Lakini hiyo ni baadaye kidogo. Kabla ya basi kulikuwa na jambo lingine.

"Koko anauliza," rafiki yangu aliniambia tukiwa tunakunja shuka, "hiyo moja ilibaki ilikuwa inasema nini? Amesema umwendee umwambie."

"Yuko wapi?"

"Kwa geti. Wanangoja pikapu."

Nilikimbia. Nilipita jikoni kwa shule, nikapita vyoo, nikaruka mfereji mkavu. Getini hapakuwa na mtu. Mlinzi alikuwa ameenda kutazama ngoma ya mwisho na kiti chake kilikuwa kimeegemea ukuta peke yake. Mbali, kwa barabara ya kuelekea Bisil, niliona pikapu ikiondoka, imejaa rangi nyekundu nyuma, ndogo, ikawa ndogo zaidi, mpaka ikawa vumbi tu.

Mtu mwingine angepiga simu. Sisi wanafunzi hatukuruhusiwa kubeba simu, na hata ningekuwa nayo, ubeti hauwezi kusemwa kwa simu na mtu amekaa nyuma ya pikapu kwa upepo. Nilisimama. Nilihisi uzito wa ajabu, si wa kushindwa. Kushindwa nilikuwa nimekuzoea, na hakukuwa kukubwa hivi. Ni kama umebebeshwa chakula cha mtu na ukafika umekuta nyumba imefungwa. Nilifikiria ningeweza kurudi na ubeti huo Kitengela, nimwambie mama wakati wa kufunga sukuma. Nilifikiria ningeweza kumpa rafiki yangu ampelekee koko likizo ikifika. Lakini nilijua nikipanda basi bila kuusema, nitakuwa tena yule wa mkono juu.

Nikatoka nje ya geti, hatua chache tu, mpaka kwenye changarawe ya barabara. Nikaelekea upande waliokwenda. Nikaweka miguu sawa, mikono ikae tu, na nikasema kwa sauti ya kawaida, ile unayotumia na mtu aliye karibu:

"Njoo bila ya hasira, usibomoe vibanda,
Njoo bila kupapara, tupate nasi kupanda."

Nikasema na mistari iliyobaki, polepole, mpaka ule wa mwisho. Mbuzi mmoja kando ya waya aliinua kichwa, akakirudisha chini. Nikainama kwa barabara, nikainuka, nikapangusa vumbi kwa sketi, halafu nikarudi ndani na kufunga geti.